Kikapu cha Vigogo: Kabla Hujanunua Kipande, Chungulia Ndani

Wadau, siku hizi kila kijiwe kina mtaalamu wake wa hisa. Mwaka 2008 gumzo lilikuwa Safaricom, leo gumzo ni mabenki ya hapa Bongo. Na si bure. Hisa ya CRDB, ambayo mwaka 2019 ilianguka mpaka chini ya shilingi 100, mwisho wa 2024 ilikuwa imevuka 600. NMB ilikaa kwenye 2,340 muda mrefu mpaka watu wakaisahau, mwisho wa 2024 ikawa imevuka 5,000. Na kama kawaida yetu, wengi tumeamka treni ikiwa imeshaondoka stesheni, sasa tunakimbia na mabegi kichwani.

Kwa kuwa wengi hatuna mshiko wa kununua hisa za kampuni sita au saba kwa mpigo, ushauri unaotembea mtaani ni huu: ingia kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. "Wale wananunua makampuni makubwa tu, yaliyokomaa. Pale huwezi kupoteza." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Niseme msimamo wangu mapema ili msinielewe vibaya. Mimi NAUNGA MKONO mifuko hii, na natamani vijana wengi wangekuwa na vipande badala ya kubeti mechi za Jumamosi. Ila maneno "makampuni makubwa" kwenye soko letu hayana maana ile ile yaliyo nayo New York. Ukiingia bila kujua tofauti hiyo utakuja kushtuka, na wengi wakishtuka huuza kwa hasara halafu wanasema wameibiwa.

Kwanza mfuko unafanyaje kazi, kwa wale wapya. Watu wengi wanachanga hela zao, meneja anazichukua na kununua hisa, hati fungani na kuweka nyingine benki. Mali yote ikijumlishwa, madeni na gharama zikatolewa, kinachobaki kinagawanywa kwa idadi ya vipande. Hapo unapata thamani ya kipande kwa siku hiyo. Ukitaka kutoka, unauza vipande vyako kwa mfuko wenyewe. Usichanganye na upatu. Kwenye upatu kuna zamu, na anayepokea leo anapokea hela ya mwenzake. Kwenye mfuko hakuna zamu. Kuna mali, na mali hiyo haikai mfukoni kwa meneja, inashikwa na benki iliyopewa kazi ya kuitunza. Juu yao wote kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya DECI. Wadau wa zamani mnakumbuka. Watu "walipanda mbegu" na kusubiri kuvuna mara mbili, tatu, mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009. Pale hapakuwa na hisa ya bia wala ya saruji, palikuwa na hela ya aliyekuja nyuma yako. Kila baada ya muda mchezo ule ule unarudi na jina jipya, siku hizi unakuja na picha za dola na grupu la WhatsApp. Tofauti ya kwanza ya kuitazama ni hii tu: kuna mali gani nyuma ya hela yangu, na nani anaishika?

Haya, turudi kwenye vigogo.

Mfuko wa kwanza wa aina hii Tanzania ni Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa na UTT mwaka 2005. Kipande kiliuzwa shilingi 70. Ndiyo, sabini. Leo kipande hicho kimevuka shilingi 1,000. Ukipiga hesabu kwa miaka ishirini, inakuja kama asilimia 14 kwa mwaka. Hata ukitoa anguko la shilingi yetu (2005 dola ilikuwa kama 1,130, mwaka 2024 ilifika 2,600 na zaidi) bado aliyekaa kimya amefaidi. Sijui ni wangapi walikaa kimya muda wote huo, lakini namba ndizo hizo.

Sasa swali ambalo wauzaji hawapendi kulijibu: faida hiyo ilitoka wapi? Wengi wanadhani ilitoka kwenye hisa za vigogo. Sehemu ni kweli. Lakini Umoja ni mfuko wa mchanganyiko, kanuni zake zinaruhusu hisa hadi nusu tu, nusu nyingine ni mambo ya riba. Na serikali yetu imekuwa mlipaji mzuri sana wa riba. Mwaka 2021 hati fungani ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95, na ile ya miaka 20 ilikuwa 15.49. Mwaka 2022 viwango vilipunguzwa mpaka 12.56 na 12.10. Kama mkopaji mwenyewe ni Hazina na anakupa karibu 16 kwa mia, meneja gani mwenye akili atajaza kikapu hisa za bia? Kwa hiyo mara nyingi ukidhani unanunua "makampuni makubwa" unanunua, kwa sehemu kubwa, deni la serikali. Si vibaya. Ila jua umenunua nini.

Sasa tuseme umepata mfuko ambao kweli unashika hisa. Atachagua wapi meneja? Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni moja tu, TOL, baadaye mwaka ule ule ikaja TBL. Mpaka miaka hii kampuni zilizoorodheshwa hazifiki thelathini, na kati ya hizo kadhaa ni za Kenya zilizojiandikisha huku pia, ambazo karibu hakuna anayeziuza wala kuzinunua hapa. Ukiondoa hizo, ukaondoa zile ndogo zinazohangaika, unabaki na majina unayoweza kuyahesabu kwenye vidole: NMB, CRDB, TBL, Sigara yaani TCC, Twiga Cement, Vodacom, na wengine wachache. Mabenki mawili, bia, sigara, saruji, simu. Hicho ndicho kikapu. Wazungu wana usemi wao kuhusu mayai na kikapu, lakini shida yetu sisi ni kwamba hata kuku wenyewe ni sita.

Na kati ya hao sita, wawili hawatagi mbele za watu. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ni jambo ambalo sijaona likiandikwa sana kwa Kiswahili. TCC, asilimia 75 ya hisa zake ziko mikononi mwa kundi la Japan Tobacco. TBL nayo sehemu kubwa iko kwa wakubwa wa nje, AB InBev. Hao hawauzi. Kinachobaki kwa umma ni kidogo, na wengi wanaokishika wanakula gawio wametulia, nao hawauzi. Matokeo yake bei haitembei. TCC ilikaa shilingi 17,000 kwa miaka, TBL ikakaa 10,900 kwa miaka. Miaka, si wiki! Korona imekuja imepita, vita ya Ukraine imepandisha mafuta, bei ilibaki pale pale kama kibao cha mtaa.

Bei isiyotembea inafurahisha macho. Unaona kipande chako hakiyumbi, unasema huu mfuko ni imara. Kumbe hakiyumbi kwa sababu hakuna aliyejaribu kuuza. Meneja anapopiga hesabu ya thamani ya kipande anachukua ile bei ya ubaoni na kuzidisha kwa hisa alizo nazo. Je, akitaka kuuza laki moja ya hizo hisa kesho asubuhi ataipata bei hiyo? Hakuna ajuaye mpaka siku hiyo ifike. Na ikifika siku ya watu wengi kutaka kutoka kwa pamoja, meneja yeyote duniani atauza kwanza kile kinachouzika haraka. Wa kwanza kutoka analipwa vizuri. Aliyebaki anabaki na kile kigumu.

Inaweza pia kukudanganya kwa upande wa pili, na hili ni la kufurahisha. Chukua NMB. Mwaka 2019 ilipata faida ya kama bilioni 142 baada ya kodi, 2020 kama bilioni 206, na muda huo wote ubao unasema 2,340. Kampuni inanenepa, bei imelala. Mwaka 2022 faida ikafika kama bilioni 429, na kufikia hapo bei ilishaanza kukimbia. Aliyekuwa anasoma hesabu za benki badala ya ubao aliona mapema. Hapo ndipo meneja mzuri anapostahili ada yake. Kukuchagulia kampuni yenye jina kubwa hata mpwa wangu anaweza. Kazi ya meneja ni kusoma yale makaratasi yanayotuchosha sisi, na kununua wakati kijiwe kizima kinacheka.

Wengine watasema: basi, si CRDB imethibitisha kwamba ukikaa na kigogo unashinda? Haya, tupige hesabu ya CRDB tangu mwanzo. Mwaka 2009 iliuzwa kwa umma shilingi 150. Aliyenunua hisa elfu moja alitoa laki na nusu. Kufika mwisho wa 2014 bei ilivuka 400, jamaa ana zaidi ya laki nne, anatembea kifua mbele. Mwaka 2019 ikashuka chini ya 100. Miaka kumi kamili, benki ile ile kubwa, matawi yanaongezeka, na mtu ana pungufu ya laki moja kwenye karatasi (gawio alipata, tusimsahau). Halafu 2024 zaidi ya laki sita. Sasa niambie kwa uaminifu: kati ya wanunuzi kumi wa 2009, wangapi walikuwa bado wameshika 2019? Wengi waliuza kwenye 120, 110, 100, wakaapa hawarudi. Ukubwa wa benki haukuwaokoa. Waliookoka ni wale ambao hawakuwa na shida na ile hela.

Vodacom ni hadithi nyingine. Mwaka 2017, kwa sababu sheria iliyalazimisha makampuni ya simu kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma, iliuzwa shilingi 850. Kubwa? Kubwa sana, nani hana laini yake. Miaka kadhaa baadaye ubaoni ilikuwa 770. Mtu aliyenunua kwa sababu tu ya ukubwa alisubiri na kusubiri.

Na majirani je? Nairobi soko ni kubwa kuliko letu na lina uchangamfu, lakini ugonjwa ni ule ule kwa umbo lingine. Safaricom peke yake imewahi kuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Kwa hiyo ukinunua "mfuko wa vigogo wa Kenya" bila meneja kujiwekea kikomo, unaweza kuwa umenunua kampuni moja kwa koti la kumi. Iliuzwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, watu wakakopa ili wanunue, na mwaka huo huo ikaanguka chini ya bei hiyo. Waliokopa walilia. Mwaka 2021 ikavuka 40, mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Hiyo ndiyo kampuni bora kabisa ya ukanda huu, haijafilisika, M-Pesa inaingiza hela usiku na mchana, na bado bei yake imefanya hivyo.

Halafu kuna vigogo waliokufa au kulala. Mumias Sugar ilikuwa jina la kujivunia soko la Nairobi. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Kenya Airways, fahari ya Afrika, hisa zake zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 na hazikurudi sokoni mpaka Januari 2025. Miaka minne na nusu huwezi kuuza hata hisa moja. Zote mbili ziliwahi kuitwa "makampuni makubwa, pale huwezi kupoteza".

Najua wengi wenu mnasoma ushauri wa Kimarekani mtandaoni. Kule wanasema nunua mfuko unaofuata kampuni 500 kubwa, ulale, uamke tajiri. Ni ushauri mzuri KULE. Mfuko wa kwanza wa kufuata faharasa kwa watu wa kawaida ulianzishwa na John Bogle wa Vanguard mwaka 1976, watu wakamcheka, leo karibu kila mtu anamuiga. Lakini hata kule, faharasa ya S&P 500 ilimaliza mwaka 1999 kwenye pointi 1,469 na ikamaliza 2009 kwenye 1,115. Miaka kumi mizima ya kwenda nyuma, na hizo ni kampuni mia tano, si sita. Kwa hiyo ukitafsiri ushauri ule kwenda DSE neno kwa neno, umepunguza kikapu mara themanini na zaidi halafu unategemea usalama ule ule. Haiwezekani.

Jambo la ada nalipitia haraka. Asilimia mbili kwa mwaka inaonekana si kitu. Milioni moja inayokua kwa asilimia 12 miaka ishirini inafika kama milioni 9.6. Ikikua kwa 10 inafika 6.7. Ile mbili imekula karibu milioni tatu. Uliza ada kabla ya kuuliza faida ya mwaka jana.

Nimekuwa nikiulizwa sana na vijana, kaka nina laki tatu, niweke? Ndugu zangu, laki tatu si kitu kimoja. Kuna anayeuza chaja na vocha, laki tatu yake inazunguka kila wiki na kurudi na chochote. Huyo nikimwambia aifungie kwenye mfuko nitakuwa namfilisi, hakuna mfuko wa hisa duniani utakaomlipa kama meza yake inavyomlipa. Kuna mwanafunzi ambaye ile hela ni ada ya muhula ujao. Huyo asiguse hisa kabisa, hata kwa jina la mfuko. Kuna mifuko ya ukwasi na ya hati fungani, inapanda polepole na unatoka ukitaka. Halafu kuna mwenye kamshahara kadogo ambaye anaweza kutoa elfu thelathini kila mwezi na asiiulizie mpaka mtoto aanze darasa la kwanza. HUYO ndiye mfuko wenye hisa ulitengenezwa kwa ajili yake. Akinunua kila mwezi, CRDB ikianguka ananunua vipande vingi zaidi kwa hela ile ile, ikipanda ananunua vichache. Hahitaji kujua lini ni lini. Waliofaidi ile shilingi 70 nadhani ni watu wa aina hii, si wajanja wa kijiweni.

Na anayekopa ili anunue vipande kwa sababu mabenki yamepanda, huyo namwomba kwa heshima asome tena ile habari ya Safaricom 2008.

Kwa hiyo ukienda kwa meneja, au ukimpigia wakala, usiulize "mnatoa asilimia ngapi". Omba taarifa ya mfuko ya mwezi au ya robo mwaka, ni haki yako na nyingi zipo kwenye tovuti zao, unaweza kuzisoma hapo hapo kwenye kompyuta ya kafe kabla saa yako haijaisha. Ruka picha za watu wanaotabasamu. Tafuta jedwali la mali. Angalia hisa ni sehemu gani ya mfuko na deni la serikali ni sehemu gani. Angalia kampuni inayoongoza inachukua asilimia ngapi, na mabenki yote kwa pamoja ni ngapi. Ukikuta mabenki mawili ni zaidi ya nusu ya hisa zote, basi umenunua mabenki mawili, na swali lako linabadilika: je, naamini wakopaji wa Tanzania wataendelea kulipa? Uliza pia ukitaka kutoka hela inachukua siku ngapi, na kama kuna makato ya kutoka. Akikujibu "usijali, makampuni yote ni makubwa", mshukuru, funga simu.

Waliowahi kuomba taarifa hizo wakanyimwa, au waliopewa na kukuta vituko ndani yake, wekeni hapo chini tuzichambue pamoja. Majina ya makampuni acheni, wekeni namba tu.